Mdodoki Nilioukata

Restituta mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Ifakara tunapumua. Mama yako amevuna mpunga wa shamba la Mchombe, na goti langu bado linanifikisha misa ya kwanza.

Unauliza kama ni kweli nyumba hupoa mimea ikipandishwa ukutani, maana huko Dar ofisi yenu inataka kufunika ghorofa zima. Ni kweli. Najua kwa sababu mimi niliukata wangu.

Babu yako alipotujengea nyumba ya tofali za kuchoma na bati, mama mkwe, aliyebaki kwenye yake ya udongo, alitupandia mdodoki, ule mmea utambaao unaozaa madodoki ya kuogea. Ulifunika ukuta wote wa magharibi, na ndege wakajenga humo. Wiki moja kabla padri hajaja kuibariki nyumba, niliufyeka, ili watu waone tofali. Mama mkwe akaokota kiota chenye makinda. Akaniuliza, "Na hawa walikuwa wanakuaibisha?"

Padri alifika saa nane mchana. Alinyunyiza maji ya baraka haraka haraka, akatoka jasho likimtiririka, akaenda kukaa kwa mama mkwe, kwenye udongo. Chakula nilichopika kwa ajili ya nyumba yangu kililiwa kwake.

Mimi nimebaki na tofali zangu. Saa hizi nakuandikia nikiwa nje, ndani hapakaliki.

Nimekuwekea mbegu humu kwenye bahasha. Waambie wakubwa zako ni mmea wa kisasa. Wakijua ni mdodoki wa kijijini, watauonea aibu kama mimi.

Bibi yako, Skolastika