Mtu bure ni baba

Shoga, leo nimeaibika, sijui uso niuweke wapi!

Si unajua mwaka mzima nazungusha watoto sehemu za bure tu? Leo ilikuwa zamu ya makumbusho, na mume wangu naye kajileta.

Getini kuna bango: WATOTO BURE. Binti yangu, ndiyo kwanza kajua kusoma, akalisoma kwa sauti, kisha akaangua kilio. "Sisi siyo bure! Bibi anasema mtu bure ni baba!"

BIBI ANASEMA! Maneno ya mama yangu ya jikoni, shoga, foleni nzima imeyasikia!

Mume wangu anakagua viatu vyake.

Mlinzi kacheka mpaka machozi, akafungua geti: "Basi na baba apite."

Na akapita, shoga! AKAPITA! Tiketi nimekata peke yangu.