Mahindi Yaliyochambuliwa

Mlali, Kongwa,
Dodoma.
14 Agosti 2024

Mpendwa mwanangu Sila,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima? Hali ya hewa ya Uholanzi inakutendaje? Sisi tunaendelea, ila nyumba ina kimya tangu mama yako mdogo Loisi atutoke. Juzi nilikwangua ukoko wa ugali nikauweka pembeni, kama alivyokuwa akikuwekea wewe. Sikujua namwekea nani.

Uliponipigia simu kusema mahindi tuliyokutumia kwenye kopo hayana sumukuvu, ile sumu ya ukungu, nilishukuru. Maabara ya mjini walishindwa. Walisema sumu ikiwa kidogo, kivuli chake kinapotea katika kupepesa kwa taa yao. Wewe ulinieleza taratibu kwamba mwanga wa chombo chako unatoka punje mbili mbili, kama mapacha. Mmoja anapita kwenye maji ya mahindi, mwenzake anabaki kutoa habari kwamba wa kwanza ametumwa. Asipofika, mnajua amemezwa na sumu njiani. Nilielewa, nikaamini.

Sasa nina uchungu. Jana shemeji yangu Restuta alitaka kusaga gunia lililobaki, kwa ajili ya ibada ya kumkumbuka dada yake. Akasema hana wasiwasi, kwani yale uliyopelekewa aliyachambua mwenyewe, akatoa yenye ukungu, akayaosha na kuyaanika.

“Shemeji, nipeleke Ulaya mahindi yenye ukungu? Watasema Wagogo hatujui hata kupepeta.”

“Yenye ukungu ndiyo tuliyotaka yapimwe.”

“Basi ungesema. Nani humfungia mtu uchafu?”

Kweli, hapa kwetu hatumfungii mtu nafaka bila kuichambua. Lakini Loisi hakula yaliyochambuliwa. Mahindi yalinyeshewa shambani, tukasaga yalivyo kwa kuwa hatukuwa na mengine. Macho yake yakawa ya manjano, na daktari hakuniambia sababu. Nilitaka kuijua, na mpaka leo siijui. Chombo chenu kizuri kimepima adabu ya Restuta tu.

Ghala nimelifunga. Ndugu za marehemu wananung'unika kwamba nawanyima jasho la dada yao. Wacha wanung'unike, kuliko niwapikie nisichokijua.

Erica, binti wa mchungaji, anakuja huko kusoma mwezi ujao. Atakuletea kopo jingine. Nimechota mwenyewe, pamoja na ukungu na vumbi lake. Ukishapima, usinionee huruma. Niambie kilichoonekana.

Bibi yako Ruthu na mdogo wako Joshua wanakusalimu sana. Mungu akutunze, wewe na kazi ya mikono yako.

Ni mimi nikupendaye,
baba yako mdogo,
Bartolomayo