Gari Lisilo na Usukani, na Siku Niliyomtukana Dereva

Jumapili, Manundu, hapa Korogwe mjini. Mvua imekatika tangu alfajiri na jua limetoka kama vile halikuwahi kuondoka. Leo nina furaha, shajara yangu, na nina aibu kidogo pia. Niandike vyote viwili kabla mwanangu Karimu hajaamka.

Juzi wifi yangu Rehema, dada yake mume wangu, alinionyesha video kwenye simu. Gari linakwenda lenyewe barabarani. Abiria amekaa nyuma, mbele hakuna mtu. Nikatafuta usukani, sikuuona. Breki ya kukanyaga, hamna. Wanasema yapo mengine ambayo bado yana usukani, ila kuna watu wanataka uondolewe kabisa, eti binadamu ndiye anayeharibu.

Nikasema palepale: hapana, usukani ubaki.

"Ubaki wa nini, wifi?" Rehema akanicheka. "Ili wanaosinzia wapate pa kuegemeza kichwa?"

Rehema anachechemea mpaka leo kwa sababu ya dereva aliyesinzia.

Lakini na mimi nilikuwa na langu, ambalo sijamsimulia mtu likaisha.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Mnyuzi kwa mama, namsaidia kupalilia mahindi. Mchana Karimu akashikwa na degedege. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne, macho yamegeuka, mikono imekakamaa. Ilipomwachia akabaki wa moto, amelegea kama kitambaa. Zahanati wakasema nimpeleke hospitali Korogwe sasa hivi. Mama akampigia Baba Halima, yule mzee mwenye gari dogo jeupe anayebeba watu kati ya Mnyuzi na mjini. Alifika na kandambili, vidole bado vina ugali.

Tulipofika kwenye korongo, maji yalikuwa yanapita juu ya kidaraja cha kalavati. Kwa macho hayakuwa mengi. Barabara ya ng'ambo naiona kabisa. Baba Halima akasimama.

Nikamwambia apite. Nikamwomba. Karimu akaanza kutetemeka tena kifuani kwangu, nikapiga kelele: "Mwoga wewe! Angekuwa mwanao ungeshapita!"

Mzee wa rika la baba yangu. Nilimwambia hivyo.

Alizima gari, akachomoa ufunguo akautia mfukoni. Akavua kandambili, akakunja suruali, akaokota fimbo na kuingia majini akipapasa mbele. Hatua tatu, nne. Ya tano, fimbo ikazama yote. Nusu ya barabara ilikuwa imeliwa kwa chini, na juu huoni kitu, maji tu yanapita.

Alirudisha gari kinyumenyume mpaka penye njia ya shamba la mkonge. Akamuuliza mama mmoja aliyejitwika kuni kama huko ndani panapitika, mama akamwelekeza, tukapita kando ya reli mpaka tukatokea barabara kubwa. Hospitali wakampokea mtoto, wakampima, ilikuwa malaria. Siku ya tatu akaomba uji. Mungu nikushukuru vipi?

Kama usukani ungekuwa mkononi mwangu siku ile, tungezama.

Hilo ndilo nililomficha Rehema, maana linampa ushindi yeye. Gari lisilo na mtu labda lingesimama tu penye maji, wala lisingebabaishwa na kelele zangu. Labda. Lakini lingesimama mpaka lini, na mtoto anaungua? Lingemuuliza nani njia? Sijui. Mimi niliishia darasa la saba, sijui hao mafundi wanaweka nini humo ndani.

Leo nikaona nisijifiche tena. Nikambeba Karimu mgongoni, jogoo kwapani, nikamfuata Baba Halima kwenye kijiwe anapoegesha akija huku mjini.

"Shikamoo, Baba Halima."

"Marahaba, mama. Huyo jogoo naye msafiri? Atakaa mbele au nyuma?"

Nikamwambia ni wake. Madereva wenzake wamekaa kwenye benchi, wote masikio. Nikasema hivyohivyo mbele yao: nilikuita mwoga, nisamehe baba yangu.

Akampokea Karimu kwanza, akampakata. "Unajua kwa nini nilichomoa ule ufunguo?"

"Nilidhani uliogopa nisije nikaliendesha mimi."

Benchi zima likacheka. "Wewe hata gia huijui!" Kisha akasema taratibu, "Niliuchomoa kwa ajili yangu. Mguu ulikuwa umeshaanza kukanyaga mafuta. Mama akilia vile, dereva haoni maji tena. Nikaona nikibaki humu ndani, napita."

Sikutegemea. Siku ile nilimwona kama jiwe, kumbe kilio changu kilimwingia mpaka akalikimbia gari lake mwenyewe.

Nikamsimulia na yale magari ya kwenye video. Akacheka. "Yaje tu, mgongo wenyewe umechoka huu. Ila penye makorongo waniachie usukani wangu."

Nimerudi nyumbani nikamweleza Rehema yote, hata yale yanayompa yeye ushindi. Alisugua goti lake. Halafu akasema, "Basi waubakishe, wifi. Ila na gari nalo lipewe mdomo wa kumkatalia anayesinzia."

Na anayelia, nikasema mimi.

Hapo tumekubaliana. Nami nashukuru kwa huyu wifi anayebishana na mimi bila kuninunia, na kwa mzee aliyekataa nilichomwomba.

Bado mmoja. Baba yake Karimu yuko Handeni kazini, na kwa simu nilimwambia tu kwamba barabara ilikuwa mbaya. Akija kesho kutwa nitamwambia yote, na yale maneno yangu pia. Mtoto ni wake. Ana haki ya kujua kwamba siku ile Baba Halima alimwokoa mwanetu asichukuliwe na maji, na alimwokoa kutoka kwangu mimi.