Mwiko Uliotuachia, Mama

Mama, mwaka umetimia tangu utuage, na bado geti likigongwa jioni tunadhani ni wewe, umerudi safari na viatu mkononi.

Ulifanya kazi katika ofisi ya serikali ya usawa wa jinsia, ukizunguka na gari lao kuwaambia wazazi wasiwaachishe mabinti shule. Dereva wako alikuita Mheshimiwa Sufuria, maana katika kila mkutano uliwauliza wanaume mara ya mwisho waliosha vyombo lini. Siku ya msiba alisimama mlangoni akamwambia Baba, "Shemeji, huyu mama alinifundisha kukaanga vitunguu. Mke wangu mpaka leo haamini." Baba alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena.

Nyumbani nako ulikuwa na utaratibu wako. Kikao kilikuwa jikoni, na aliyeshika mwiko ndiye anayesema, wengine kimya, hata Baba. Kaka yetu mkubwa, tunayemwita Meja kwa kupenda kuamuru, aliwahi kuushikilia mwiko mpaka chakula kikapoa, akijitetea kwamba hajui kufua. Ulimsikiliza mpaka mwisho, ukampa beseni.

Lakini kuna jambo linatuchanganya, Mama. Dada yetu, binti yako huyo huyo, aliacha shule darasa la sita. Mapacha wako walikuwa wachanga, likizo yako imekwisha, msichana wa kazi ameondoka, na safari zinakungoja. "Muhula mmoja tu, mwanangu," ulimwambia. "Wewe ndiye mkono wangu wa kulia." Mihula ikaja, ikapita. Ulifanyia mazoezi hotuba zako pale jikoni, yeye akichambua mchele, mpaka zote zikamkaa kichwani. Mwiko alishinda nao mkononi kutwa, na hakuwahi kusema neno.

Ulikuwa humwoni? Au ulimwona ukashindwa pa kuanzia? Tulimuuliza Baba. Akasema, "Hata mimi nilikuwepo. Nilidhani mama yenu ana mpango."

Msibani walikuja kina mama tusiowajua, wengi, wakilia kutushinda sisi. Mmoja alimshika mkono dada, aliyekuwa akigawa chai. "Binti yangu amerudi darasani kwa ajili ya mama yenu. Na wewe, mwanangu, uko kidato cha ngapi?"

"Naleta sukari," dada alijibu. Akaenda jikoni, na sukari hatukuiona.

Tumekulilia na kukukasirikia kwa pamoja, Mama. Mpaka leo hatujui kipi kinaanza.

Mwezi uliopita ofisi yako ilifungua darasa la mchana kwa wanawake walioacha shule njiani, na darasa hilo limepewa jina lako. Dereva alikuja kumwambia dada kwamba kiti chake kipo. "Ngoja kwanza nimuulize Mama," dada alisema. Sisi tukatazama sakafu.

Juzi tulikuwa jikoni tukipanga kumbukumbu hii, sufuria ikiwa motoni. Dada akauinua mwiko. Tulidhani anaonja chumvi.

"Nataka kurudi shule," alisema, kwa sauti ndogo hata pacha mmoja akamwambia arudie. Akarudia.

"Na nani atapika?" Meja akauliza.

"Huna mwiko wewe, nyamaza," wakamjibu mapacha kwa pamoja, kama wewe kabisa.

Baba ndiye aliyenyoosha mkono. Aliupokea mwiko, akaugeuzageuza kama mtu aliyepewa chombo cha fundi mwingine. "Haya," akasema. "Leo ni mimi." Mboga iliungua, na tuliila hivyo hivyo.

Jumatatu dada anaanza. Meja anasema ungefurahi. Baba anasema ungelia kwanza. Dada mwenyewe anasema hajui, ila anatamani ungekuwepo aliposema mara ya pili, maana hapo sauti ilitoka.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye sasa anajifunza kupika, Meja, binti yako, ambaye sasa ni mwanafunzi, mapacha wako, ambao siku hizi wanafunga kamba za viatu wenyewe, wifi zako, na dereva wako wa safari zote.

Tutakukumbuka siku zote, Mama, hata pale tusipokuelewa.