Filamu Ninazomsimulia Tauno

Jumatano, 16 Januari

Gari la maktaba limekuja leo, limechelewa kwa sababu ya theluji. Nimerudisha diski tatu za filamu, nimechukua nne. Ossi, ambaye ni dereva na mkutubi kwa pamoja, akaniuliza ile ya Kifaransa nimeionaje. Hovyo! Watu wanakunywa mvinyo, wanatazamana, wanalia, basi. Akacheka. "Bibi Helvi, ile imepata tuzo." Tuzo ya nini, ya kulaza watu?

Kinachonikera hasa ni maandishi ya chini, yale ya tafsiri. Siku hizi wanayaandika madogo kama chawa, na yanatoweka kabla mtu hajamaliza neno la kwanza. Zamani yalikuwa makubwa, ya njano, yanakungoja. Wajerumani wao huwatia wageni sauti za Kijerumani, mpaka jambazi anaongea kama mtangazaji wa habari. Sisi Wafini tunasoma. Tangu nilipojua herufi nasoma filamu. Sasa naona kazi wamepewa watoto, au mashine. Nimechoka nao.

Jumamosi, 19 Januari

Nimewasha sauna mapema, nimeoga, nimekaa na kahawa yangu mbele ya runinga. Filamu ya Kiswidi. Ndugu watatu wanauza nyumba ya marehemu mama yao — au wanainunua, sikuelewa vizuri. Kiswidi changu ni cha shuleni. Nimeambulia "mama", "hapana" na "viazi".

Kitu kimoja mwongozaji amekifanya, sijawahi kuona. Amepinda kila kitu! Milango imepinda, fremu za madirisha zimepinda, hata mlingoti wa bendera una kibyongo katikati. Nadhani anataka kusema familia imeharibika. Sawa, tumeelewa, lakini huwezi kumpindia mtu milango saa mbili nzima. Macho yamechoka, kichwa kinaniuma. Kesho kwa Tauno.

Jumapili, 20 Januari

Kilomita arobaini kwenda, arobaini kurudi. Barabara imeparuliwa theluji vizuri.

Mume wangu Tauno alikuwa amevaa shati la bluu, amenyolewa. Tangu kiharusi cha vuli mguu na mkono wa kushoto havimsikilizi, lakini kichwa ni kilekile. Ndiyo maana nyumba ya wazee inamtesa. Runinga ya ukumbini ni ya wenye kupenda michezo ya theluji, na wao ni wengi. Yeye ndiye aliyekuwa mpenzi wa filamu nyumbani kwetu, mimi nilikuwa nasinzia kwenye kochi. Sasa kazi ni yangu: natazama, namsimulia. Tulikubaliana hivyo Oktoba.

Nimemsimulia ya Kiswidi. Palipokuwa na mashimo nikaziba. Nikasema yule kitindamimba alijifungia ndani ya sauna na mkataba wa nyumba, akakataa kutoka mpaka wakaanza kumpitishia soseji dirishani. Tauno akacheka mpaka mwenzake wa chumbani akaamka.

"Mama wewe, Waswidi wana vichekesho hivyo kweli?"

"Wamebadilika," nikamwambia.

Jumatano, 23 Januari

Nimeparua theluji uani, asubuhi na tena mchana. Mgongo umegoma. Hakuna filamu leo.

Kuna jambo nalizungukazunguka. Aprili natimiza sabini na tano na leseni yangu ya gari inaisha. Watataka cheti cha daktari, na daktari atataka nisome herufi ukutani. Bila gari ndiyo basi. Basi la hapa ni la wanafunzi, Jumapili halipo. Teksi labda mara moja kwa mwezi. Tauno nitamwona mara moja kwa mwezi! Sitaki kulifikiria leo. Aprili bado.

Ijumaa, 25 Januari

Ya kwetu, ya zamani, nyeusi na nyeupe. Mkata magogo anampenda binti wa mwenye shamba, baba mtu anakuja juu, magogo yanakwama mtoni. Upuuzi mtupu. Nimelia kama mtoto. Nimeelewa kila neno! Kwa nini wageni hawatengenezi filamu kama hizi?

Jumatano, 30 Januari

Nimegombana na Ossi. Si ugomvi hasa. Nilimrudishia diski nikasema ni mbovu, maandishi hayasomeki, awaandikie walioitengeneza. Akaichukua, akaiweka kwenye kompyuta yake mle garini. Akaigeuza ili nione.

"Bibi, mimi naona vizuri. Hata nikiwa huku kwenye usukani."

Nikasema kioo chake ni kizuri kuliko changu. Akaniuliza miwani yangu ni ya lini. Nikamwambia miwani yangu haihusiani na maktaba ya kata. Akainamisha kichwa, akanitafutia nyingine. Ya Kideni, kutoka Denmaki. Anasema kila kijiji wanaigombea, nina bahati imerudi leo. Ametamka "bahati" kwa upole sana, na upole wake umenikera kuliko maneno yake.

Jumamosi, 2 Februari

Ya Kideni. Wazee wawili, nadhani ni ndugu. Shamba, upepo, nguruwe. Kideni hata Wadeni wenyewe sijui wanakielewaje, ni kama mtu anaongea na kiazi cha moto mdomoni.

Nimekaa kwenye kochi. Nikasogea kwenye kiti. Mwishowe nikavuta kigoda, pua karibu na kioo. Maandishi yapo, nayaona pembeni, mwanzo wa mstari na mwisho wake. Katikati kuna doa. La kijivu, kama mtu ameshika kioo na kidole chenye majivu. Nikaleta kitambaa na siki. Nikafuta. Halijatoka. Nikafuta tena.

Nikitazama kushoto, doa linakwenda kushoto. Nikitazama dari, lipo darini.

Kahawa imepoa. Filamu imeisha wenyewe wakiwa mezani, mzee mmoja amesimama anaongea kwa muda mrefu na watu wanalia. Sitaandika zaidi leo.

Jumapili, 3 Februari

Nimekwenda. Polepole. Nimefuata nguzo za umeme, zote zimepinda sasa, za kweli, za barabarani. Basi yule mwongozaji Mswidi hakuwa na kosa.

Nimemsimulia Tauno ya Kideni. Sijui maneno yalitoka wapi. Nikamwambia ndugu wawili hawajasemezana kwa ajili ya nguruwe dume mmoja. Mkubwa anaandaa karamu, anaacha kiti kitupu, anasimama na kumsema mdogo wake mbele ya watu wote, kila uovu, kila uchokozi wa utotoni. Halafu mlango unafunguliwa, mdogo anaingia na kusema, "Umesahau ule wa kuku." Tauno hakucheka. Alinishika mkono kwa ule mkono wake mzima. "Hiyo ndiyo filamu," akasema. "Hiyo ndiyo filamu, Helvi."

Nimejisikia vizuri njia nzima. Naandika hili nijue kwamba nilijisikia vizuri.

Jumatano, 6 Februari

Hakuna filamu. Nimesikiliza redio. Nimefumba jicho la kulia, nikatazama kalenda ya jikoni. Nikafumba la kushoto. Laiti nisingefanya hivyo.

Jumapili, 10 Februari

Mwandiko wangu leo ni wa kuku.

Nilikuwa narudi, nimebakisha kona moja kufika kwetu. Mchana kweupe, mawingu tu. Barabara ilikuwa tupu. Nakwambia ilikuwa tupu! Halafu palipokuwa patupu pakatokea Saimi, jirani yangu, juu ya kile kiti chake cha kuteleza thelujini, cha kusukuma kwa mguu, na mfuko wa mkate umening'inia mbele. Nikakata usukani. Gari likaingia kwenye ukingo wa theluji na kuzimika.

Akaja dirishani, mashavu mekundu.

"Shoga! Umelala au umelewa?"

"Jua," nikasema. "Jua limenipiga machoni."

Akatazama juu. Mimi pia nikatazama juu. Hakukuwa na jua, hakuna jua tangu Alhamisi. Saimi tumejuana tangu tunanyonyesha. Hakunibishia. Alisema tu, "Haya, sukuma mlango huo, tulitoe gari," tukachimba kwa mikono na ubao wa kiti chake. Alivaa koti la njano, la njano! Na kibao cha kung'aa kifuani. Angeonekana mpaka Urusi.

Nimeogopa. Sijaogopa hivi hata siku Tauno alipoanguka bafuni. Siku ile nilikuwa na la kufanya.

Jumatano, 13 Februari

Nimelisikia gari la maktaba likipiga honi njia panda. Limesimama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nimekaa jikoni, taa imezimwa, kama mwenye deni. Likaondoka.

Ijumaa, 15 Februari

Saimi kaleta keki. Akakaa, akanywa vikombe viwili, akaongea habari za paka. Mlangoni akasema binti yake anafanya kazi kwa daktari wa macho na wanaweza kuniingiza hata wiki ijayo. Akasema siku hizi wana sindano, na mtu akiwahi wanaokoa kilichobaki. Sindano ya jicho! Nikamwambia keki ina hiliki nyingi.

Nikienda, wataandika. Wakiandika, leseni imekwenda. Nisipoenda, sijui.

Jumapili naenda kwa Tauno. Nitaendesha polepole. Nitaondoka asubuhi watu wakiwa bado wamelala.

Jumapili, 17 Februari

Naandika hapa hapa, ukumbi wa mbele wa nyumba ya wazee, nimekaa kwenye benchi la kuvulia viatu. Tauno yuko mbele yangu. Kiti chake cha magurudumu amekiweka kwa ubavu mlangoni na kukifunga breki. Ananiuliza naandika nini. Nimemwambia vitu vya kununua dukani.

Ilikuwa hivi. Nilifika, nikavua koti, nikaanza kumsimulia ya Kihispania. Sikuitazama kabisa, niliitunga njiani. Mtawa, mpishi, wizi wa ng'ombe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema juzi hapa wameonyesha filamu, wapenda michezo wameshindwa kura kwa mara ya kwanza.

"Ya Kideni," akasema. "Ya wale ndugu."

Nikaanza kukunja koti langu.

"Helvi. Yule mdogo alikuwa amekufa. Maandishi yalisema tangu mwanzo. Ile haikuwa karamu, yalikuwa mazishi."

Nikasema nimechanganya na nyingine, siku hizi natazama nyingi. Akasema sawa. Akaongea habari za chakula. Halafu, bila kubadilisha sauti, akaniuliza saa ngapi. Saa ya ukutani ni kubwa kama sinia. Niliona tisa, niliona tatu, niliona kumi na mbili pale juu. Mishale ndiyo sikuiona. Nikasema saa nane na kitu.

"Ni saa tano asubuhi," akasema. "Nani amekuleta hapa leo?"

"Nimejileta."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alinyoosha kiganja juu ya goti lake. "Nipe ufunguo, mama." Nikasema siwezi. Nikasema nikikupa huo sitakuja Jumapili ijayo, wala inayofuata, ndicho unachotaka? Akasema anachotaka ni mke, si maiti wa kuletewa habari zake na polisi. Akasema na watoto wa watu wako barabarani. Sikumwambia habari za Saimi. Nikachukua koti langu nikatoka, na yeye akanifuata kwa mkono mmoja, kiti kinazungukazunguka, akanipita kwenye korido ya jikoni na kunitangulia mlangoni. Mtu wa kiharusi! Muuguzi aliuliza kama kuna tatizo. Tauno akamwambia, "Tunamsubiri mwenye gari." Muuguzi akacheka akaenda zake.

Chakula cha mchana kimepita. Hatujala, si yeye wala mimi. Halafu Tauno akasema, "Basi nisimulie."

"Nisimulie nini, umeshajua kwamba natunga."

"Usitunge. Nitazame mimi. Niambie unaona nini."

Nimemtazama. Nimevua miwani, nimeifuta, nimevaa tena. Naona masikio yake. Naona nywele, zinahitaji mkasi. Naona kola ya shati la bluu na kifungo kimoja kimefungwa kombo, na mkono wake kwenye gurudumu. Kati ya kola na nywele pana ukungu wa kijivu, na sauti inatoka humo.

Ufunguo uko ndani ya ngumi yangu, umepata joto. Tauno anasema, "Haya, nasikiliza."