Kifungu cha Tisa na Nyumba za Walezi: Kikao cha Sita cha Kamati ya Muswada wa Malezi

KAMATI YA BUNGE YA HUDUMA ZA JAMII
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SITA CHA KUJADILI MAREKEBISHO YA MUSWADA WA FEDHA ZA MALEZI YA WATOTO WADOGO

TAREHE: Jumatano, 14 Mei
MAHALI: Chumba cha Mikutano Na. 2, upande wa jenereta

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti
2. Mheshimiwa Wakili, mtoa hoja ya marekebisho ya kwanza
3. Mheshimiwa Mkunga (mstaafu), mtoa hoja ya marekebisho ya pili
4. Mheshimiwa Mwalimu
5. Mheshimiwa mfanyabiashara wa mbao, ambaye wajumbe wote humwita Kwa Ufupi
6. Katibu, mwandishi

WASIOHUDHURIA
Mjumbe mmoja, kwa udhuru wa ugonjwa. Mjumbe mwingine, bila udhuru. Alionekana kwenye ngazi asubuhi na akasema anakuja.

WAALIKWA
Afisa kutoka Hazina.
Mama mzazi wa marehemu mtoto, shahidi aliyeitwa na Mheshimiwa Wakili.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao baada ya akidi kutimia. Aliwashukuru wajumbe kwa kufika na kueleza kwamba hana hotuba. Alikumbusha kuwa Kamati imekwama kwenye Kifungu cha 9 tangu kikao cha nne, na kwamba Spika ameelekeza Muswada ufikishwe Bungeni kabla ya mkutano huu wa Bunge kuahirishwa, la sivyo usubiri mwaka mwingine. Aliwaomba wajumbe wasirudie waliyokwisha kuyasema. Kwa Ufupi aliunga mkono ombi hilo kwa maelezo marefu kidogo.

Ilikubaliwa madirisha yafungwe kwa sababu ya kelele za jenereta. Baadaye ilikubaliwa yafunguliwe kwa sababu ya joto.

KUMB. NA. 2/6: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TANO

Mheshimiwa Wakili alipinga neno "alifoka" lililotumika kuhusu mchango wake na kuomba liandikwe "alisisitiza". Mheshimiwa Mkunga alisema kwamba siku hiyo alikaa ubavuni kwake na sikio lake linaweza kutoa ushahidi. Mwenyekiti aliamua iandikwe "alisema kwa sauti". Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/6: YATOKANAYO

Mheshimiwa Mkunga alilalamika kwamba Mheshimiwa Wakili amewaambia wananchi, katika mkutano wa hadhara, kuwa yeye Mkunga anataka fedha za umma zilipwe kwa mabanda. Mheshimiwa Wakili alijibu kuwa alisema "baadhi ya mabanda". Mheshimiwa Mkunga alikumbusha Kamati kwamba mtoto wa kwanza wa Mheshimiwa Wakili alimpokea yeye kwa mikono yake, kwenye ujia wa hospitali, vitanda vikiwa vimejaa, na kwamba siku hiyo baba mtu hakuuliza habari ya jengo. Mheshimiwa Wakili alisema anamshukuru Mama Mkunga kila mwaka mtoto anapoongeza umri, lakini hiyo si hoja.

Mwenyekiti alilifunga suala hilo. Katibu anaweka kumbukumbu kwamba Muswada huu wawili hao waliuandika pamoja, na kwamba sasa hawakai tena viti vya jirani.

KUMB. NA. 4/6: MAREKEBISHO YALIYO MBELE YA KAMATI

Ilielezwa kwamba Kifungu cha 9 kinataja kuwa fedha za malezi zitalipwa kwa "vituo vya malezi", bila kusema kituo ni nini.

Marekebisho ya kwanza yanataka kituo kiwe kile tu kilichosajiliwa, chenye jengo lake na walezi waliosomea kazi. Nyumba za watu zinazolea watoto kwa malipo zisipewe kitu, na zifungwe kwa hatua. Mheshimiwa Wakili alieleza kwamba hoja yake ilianzia makaburini. Mwaka jana alikwenda kumzika mtoto aliyefia kwenye nyumba ya aina hiyo katika jimbo lake, na pale kaburini alimwahidi mama wa mtoto kuwa atahakikisha sheria inapatikana. Alisema ahadi ya namna hiyo haimtoki mtu kichwani akishafika mjini.

Marekebisho ya pili yanataka nyumba za walezi zitambuliwe, na fedha ziziwezeshe kuajiri mlezi wa pili kwa kila nyumba. Mheshimiwa Mkunga alieleza kwamba watoto wengi wa wafanyakazi wako kwenye nyumba hizo sasa hivi, sheria ipende isipende. Alisema kuzifunga ni kuzihamishia uani, nyuma ya pazia, ambako hata mkaguzi hafiki.

Mheshimiwa Mwalimu aliuliza kama hoja zote mbili haziwezi kuunganishwa. Watoa hoja wote wawili walisema haziwezi. Ilionekana kuwa hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu kikao cha tatu.

KUMB. NA. 5/6: MAELEZO YA HAZINA

Afisa wa Hazina alieleza kwamba fungu la malezi halitaongezeka, hata Kamati ikikesha. Nyumba zikiingizwa, vituo vilivyosajiliwa vitapata pungufu. Zikiachwa, vituo hivyo vitapata vya kutosha, ila vipo vichache na karibu vyote viko katikati ya mji.

Kwa Ufupi alitaka kujua afisa mwenyewe angechagua lipi. Afisa alijibu kuwa Hazina haina maoni. Kwa Ufupi alisema anaelewa, maana hata yeye nyumbani kwake ndiye Hazina na hana maoni. Wajumbe walicheka kidogo. Mwenyekiti hakucheka.

KUMB. NA. 6/6: USHAHIDI WA MAMA WA MAREHEMU

Shahidi aliingizwa na kupewa kiti mbele ya wajumbe. Alisema anashona sare kiwandani na ameomba ruhusa ya nusu siku tu. Mheshimiwa Wakili alimpa pole kwa mara nyingine na kumwomba aeleze yaliyomfika, kwa kadiri atakavyoweza.

Shahidi alieleza kwamba kiwandani wanaingia alfajiri, saa ambayo vituo vya serikali bado vina kufuli. Kwa hiyo mwanawe wa kiume, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, alikuwa akimwacha kwa wifi yake, dada wa mumewe, anayelea watoto wa mtaa nyumbani kwake. Siku hiyo mtoto mmoja alitapika kitandani. Wifi aliingia chumbani kumsafisha na kumbadilisha. Alipotoka alimkuta mtoto wa shahidi uani, ametumbukia kichwa kwenye ndoo ya maji ya kufulia. Shahidi aliitwa kutoka kwenye cherehani. Alipofika hospitali, daktari alikuwa ameshamfunika.

Shahidi hakulia. Mheshimiwa Mwalimu alitoka nje kwa muda mfupi na kurudi.

Mheshimiwa Wakili alimuuliza kama, kwa yaliyompata, angependa nyumba kama ile zifungwe. Mwenyekiti alimwambia shahidi kwamba halazimiki kujibu. Ndipo akasema:

"Wifi yangu nina hasira naye mpaka leo. Tunasalimiana tu, basi. Lakini mdogo wake marehemu nimemwacha pale asubuhi hii."

Mheshimiwa Wakili alimwomba arudie, akidhani hakusikia vizuri.

"Nimemwacha pale pale, mheshimiwa. Mkipafunga, nimpeleke wapi?"

Mheshimiwa Mwalimu aliuliza, kwa upole, anawezaje kumwamini tena mtu huyo. Shahidi alijibu kwamba hakusema anamwamini. Alisema kila siku akiwa kazini moyo unakuwa juu juu hadi anapotoka, na wenzake wanajua kuwa simu ikiita wasimsemeshe. Alieleza kuwa wifi naye hajawa yule aliyekuwa; ndoo zote amezitoa uani, na usiku haoni usingizi. Lakini bado yuko peke yake na watoto ni wale wale.

"Siku ile angekuwa na mwenzake, mmoja angekuwa chumbani na mmoja mlangoni," alisema. "Mimi siombi jengo."

Mheshimiwa Wakili alimkumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba kaburini walikubaliana juu ya kufunga. Shahidi alijibu kuwa kaburini angekubali lolote.

Shahidi aliomba ruhusa kwa kuwa muda wake ulikuwa umekwisha. Mheshimiwa Mkunga alisimama ili amsindikize, lakini Mheshimiwa Wakili alimtangulia, akamchukulia shahidi mkoba wake na kutoka naye hadi getini. Alirudi na kukaa. Mwenyekiti aliahirisha kikao kwa ajili ya chai. Chai ilikuwa imekwisha. Wajumbe walipumzika hivyo hivyo.

KUMB. NA. 7/6: MJADALA NA KURA

Kikao kiliporejea, Mheshimiwa Mkunga alisema hatatumia maneno ya shahidi kumpiga nayo mwenzake. Kwa Ufupi alisema anabaki na marekebisho ya kwanza kwa kuwa serikali ikianza kulipa nyumba za watu, kila mwenye sebule atajiita mlezi. Mheshimiwa Mwalimu alisema anahamia marekebisho ya pili, na kwamba hajaridhika nayo.

Mwenyekiti alimuuliza Mheshimiwa Wakili swali moja: hoja yake ikipita, mama aliyetoka hapa kesho alfajiri anampeleka wapi mtoto?

Mheshimiwa Wakili alijibu: "Sijui, Mwenyekiti."

Kisha akamgeukia Mheshimiwa Mkunga, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu asubuhi. "Na yako ikipita, Mama, halafu akafa mwingine kwenye nyumba tuliyoilipia sisi, mzazi wake tutamwambia nini?"

Mheshimiwa Mkunga alisema katika kazi yake aliwahi kuwatokea wazazi mlangoni mara nyingi akiwa mikono mitupu, bila mtoto, na hajawahi kupata neno la kuwaambia. "Hilo na mimi sijui, mwanangu."

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Marekebisho ya kwanza: wajumbe wawili. Marekebisho ya pili: wajumbe wawili. Mwenyekiti alieleza kwamba alikuwa akiomba tangu kikao cha nne jambo hili lisimfikie yeye. Alivua miwani na kukaa nayo mkononi. Kwa Ufupi alipendekeza kura ya kuamua iahirishwe hadi mjumbe aliyeonekana kwenye ngazi apatikane. Pendekezo halikuungwa mkono.

Mwenyekiti alisema kwamba amechoka, na kwamba mtu aliyechoka hutafuta njia fupi, na njia fupi hapa ni kukataa hoja zote mbili na kuacha kifungu kilivyo, wengine waje wakigombanie. Alisema njia hiyo ameitazama vizuri na hataipita. Alipiga kura kuunga mkono marekebisho ya pili, kwa sharti kwamba hakuna nyumba itakayolipwa kabla ya mkaguzi kuitembelea, na kwamba nyumba yenye mlezi mmoja tu haitalipwa hata siku moja baada ya muda wa maandalizi wa miezi mitatu kwisha. Mheshimiwa Mkunga alisema muda huo ni mfupi mno kwa watu wenye hali ile. Mwenyekiti alisema ndivyo ulivyo. Mheshimiwa Mkunga alikubali.

ILIAMULIWA: Kifungu cha 9 kirekebishwe kama ilivyoelezwa hapo juu.

Mheshimiwa Wakili aliomba iandikwe kwamba alipinga. Imeandikwa.

KUMB. NA. 8/6: MENGINEYO

Mwenyekiti aliuliza nani atakiwasilisha kifungu hicho Bungeni. Ilitarajiwa kuwa Mheshimiwa Mkunga, kwa kuwa hoja ni yake. Mheshimiwa Mkunga alieleza kwamba hakatai, ila sauti yake siku hizi haifiki mbali, na kule watamzomea kwa habari ya mabanda kabla hajafika ukurasa wa pili.

Mheshimiwa Wakili aliomba kupewa kazi hiyo yeye.

Kwa Ufupi alihoji inawezekanaje mtu kutetea nje alichokipinga ndani. Mheshimiwa Wakili alieleza kwamba kama kuna mtu anayejua mahali pa kukipigia kifungu hiki hadi kianguke ni yeye, maana amekuwa akifanya hivyo kwa vikao vitatu. Alisema sharti la Mwenyekiti limeandikwa kwa haraka na lina mianya, na kwamba mtu mvivu wa wilayani anaweza kulitumia kuzinyima nyumba zote. Aliomba usiku mmoja aliandike upya.

"Bado naona tumekosea," alisema. "Lakini nilimwahidi yule mama sheria. Sitaki ife kwa sababu imeandikwa vibaya."

Mheshimiwa Mkunga alisema hana pingamizi, mradi atakachoandika akisome yeye kwanza. Mheshimiwa Wakili alisema angeshangaa kama asingetaka. Mwenyekiti aliuliza kama kuna lingine. Hapakuwa na lingine. Mheshimiwa Mkunga alihamisha kiti chake, akavaa miwani, na wawili hao walianza na mstari wa kwanza, kabla Mwenyekiti hajatamka kwamba kikao kimefungwa.

KUMB. NA. 9/6: KUFUNGA KIKAO

Kikao kilifungwa saa kumi na moja na nusu jioni. Katibu, mwenye dhamana ya ufunguo wa chumba, aliwasubiri waliobaki.

Zimesomwa na kukubaliwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:

................................
MWENYEKITI

................................
KATIBU