Ngoma ya Baba Mkwe

Baba Sori,

Uji wa Mzee uko kwenye sufuria, umpashie moto. Kabichi yake ya kuchachua, kimchi, umkatie vipande vidogo. Vidonge ni baada ya kula.

~~Mnunuzi wa ngoma anakuja saa nne, umpe.~~ Mnunuzi akija, mwambie haiuzwi.

Jana ulisema baba yako hajui tena ngoma ni kitu gani, nami nikakubali. Asubuhi hii nilikuwa naosha mchele huku naimba ule wimbo wa kupanda mpunga, nikasikia mapigo nyuma yangu. Mzee, ambaye hajatamka neno tangu baridi ianze, alikuwa anapiga meza kwa vijiti vya kulia chakula. Nilipoukimbiza wimbo, alinirudisha polepole mpaka nikatulia. Kisha akaita, kama alivyokuwa akiwaitia waimbaji aliowapigia ngoma jukwaani: "Naam, hapo hapo!"

Mchele niliuacha majini. Miaka kumi na tisa mimi ni mkwe wake, sijawahi kusikia sifa kinywani mwake.

Ngoma nimemwekea mbele yake. Mwimbie. Najua una sauti ya chura, lakini usiogope. Ukipotea, atakungoja.

Mkeo